“Tutaongea vizuri” inazifilisi studio zetu

Mhariri,

Kila sanaa inaposifiwa gazetini kuwa njia ya vijana kujiajiri, wanaokwama hutajiwa maadui wale wale: mtaji haba, maharamia wa nyimbo, kaunti isiyolipa. Ni kweli wapo. Lakini fungua daftari la oda la studio ya kawaida hapa Kisumu, iwe ya muziki kule Kondele au ya picha na uchapishaji katikati ya mji, nawe utakuta tundu jingine lisilo na jina la mwizi. Lina majina ya mashemeji, mabinamu, watu tuliosoma nao, mama wa kwaya. Na mkabala na kila jina, safu ya bei iko wazi. Aliyepokea kazi aliambiwa, “Wewe fanya tu, tutaongea vizuri,” na mtu aliyelelewa akaleleka haulizi hiyo “vizuri” ni shilingi ngapi.

Sidai kwamba ndugu ni wabaya, wala kwamba hawalipi. Wengi hulipa kitu. Tatizo limo ndani ya kazi yenyewe. Mwenye duka akimkopesha mjomba pakiti ya unga ya kilo 2, anajua bei yake, anajua imetoka lini kwenye rafu, na hakuna atakayeuliza kesho kama unga ule bado ni wa duka. Wimbo, nembo au video ya harusi haina uzani. Bei yake, mwisho wake na mwenyewe ni mambo matatu yanayopatikana kwa kutamkwa tu, na ndiyo hasa matatu ambayo heshima ya undugu hutuziba midomo tusiyatamke.

Chukua kijitabu cha mazishi, kazi isiyokosa wiki huku kwetu. Familia inataka nakala 300 za ukubwa wa A5, kurasa 16. Hiyo ni karatasi 4 za A4 kwa kila nakala, zinachapwa pande mbili, zinakunjwa katikati na kupigwa stepla mgongoni: karatasi 3 za kawaida ndani na moja ya kung’aa, gramu 150, kwa jalada. Jumla ni karatasi 900 za ndani na 300 za jalada. Ongeza asilimia 5 ya zitakazokwama na kuchafuka, unafika 945 na 315. Mashine itapiga pande 2,400 za A4 bila kuhesabu zilizoharibika. Mteja asiyekujua anapewa hesabu hiyo, analipa nusu, kazi inaanza.

Sasa mteja awe ni ukoo wa mkeo. Usiku wa kuamkia siku ya kuchapa simu inalia: “Tumesahau wajukuu wa Mombasa. Tuongezee ukurasa mmoja tu.” Kitabu cha kushonwa katikati hakina kitu kinachoitwa ukurasa mmoja. Karatasi moja iliyokunjwa ni kurasa 4, kwa hiyo kutoka 16 unaenda 20, upende usipende. Hizo ni karatasi 300 zaidi, pande 600 zaidi, robo nzima ya uchapishaji juu ya ile ya kwanza. Na zile kurasa 3 zilizobaki wazi lazima zijazwe na picha ambazo bado hazijatumwa. Kwa mgeni jibu ni jepesi: bei inapanda kwa robo. Kwa shemeji aliyefiwa, saa nne usiku, hakuna anayethubutu. Mchapishaji anajikuta ametoa rambirambi ya karatasi 300 na wino wake, mchango ambao mweka hazina wa kamati ya mazishi hatauandika popote.

Na hapo bado hatujagusa swali la nani ndiye mteja. Katika kazi ya familia wako watano: mjane, mtoto wa kwanza, mwenyekiti wa kamati, baba mdogo aliye Nairobi, na binti anayejua kompyuta. Kila mmoja anatuma masahihisho yake, na la mwisho linafuta la kwanza. Picha ya marehemu inatumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inafika imebanwa, ilhali jalada la A5 likichapwa kwa nukta 300 kwa inchi linadai pikseli 1,748 kwa 2,480. Uso unatoka na ukungu. Lawama inamwangukia kijana wa studio, naye hawezi kujitetea kwa sababu anayelaumu ni mama mkwe.

Dawa yake ni ndogo na haina ukali wowote. Kabla ya kufungua kompyuta, familia itaje mtu mmoja, na huyo peke yake ndiye anayetia sahihi kwenye kopi ya kukagua, kila ukurasa, majina yote yakiwa yamesomwa kwa sauti. Picha zitumwe kama faili, si kama picha. Saa ya mwisho ya masahihisho iandikwe juu ya kopi hiyo. Kinachokuja baada ya hapo kinalipiwa kwa kurasa 4, hata kiwe mstari mmoja. Nimeona wafiwa wakishukuru kwa utaratibu huu, maana siku kama hizo mtu hupenda mahali pamoja ambapo jambo limekwisha kuamuliwa.

Studio za muziki zina maradhi yao, na hapa ndipo “mwisho wa kazi” unapouma zaidi. Kuchanganya sauti hakujifungi kwenyewe. Daima kuna gitaa la kupandisha kidogo, ngoma ya kushusha, neno la kurudia. Mteja wa kawaida huambiwa mapema: awamu mbili za marekebisho, ya tatu inalipiwa kwa saa. Binamu haambiwi. Anapita jioni akitoka kazini, ana soda mkononi, anaketi, “hebu nisikie tena ile sehemu,” na fundi aliyeshinda na vipokea sauti tangu asubuhi anaanza kubadilisha kwa masikio yaliyochoka. Masikio yaliyochoka huongeza sauti kali za juu bila kujijua. Kesho yake wimbo unakwaruza, inabidi kurudi nyuma. Ile ziara ya soda imekula siku mbili.

Hata diski inakula. Sauti ya chaneli moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na kilohezi 48 ni megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye njia 30, yaani ala na sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake, ni takriban gigabaiti 1.3 kabla ya majaribio yaliyoachwa. Upande wa video ndiko kwenye balaa. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa; kamera mbili za harusi, saa 6 kila moja, ni gigabaiti 540. Ukiweka nakala ya pili, kama inavyopasa, diski ya terabaiti 1 haitoshi. Mgeni anachukua video yake na kuondoka. Ndugu anarudi baada ya miaka mitatu: “Si bado unazo zile za shamba, tukikata keki? Nitumie tu.” Anaamini kwa dhati kwamba kuhifadhi ni bure. Mwenye studio aliyefuta ataitwa mtu asiye na moyo, na asiyefuta ananunua diski mpya kila harusi mbili za ukoo.

Nije kwenye umiliki, kwa sababu hapo ndipo urafiki wa kweli huvunjika kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ina kifungu ambacho wasanii wengi hawajakisoma: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inasema kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yaliyotiwa sahihi. Yasome mambo hayo mawili ukifikiria biti, yaani mdundo wa wimbo, ambayo prodyusa alimpa rafiki yake bure. Iliagizwa? Hakuna oda, hakuna malipo. Ilitolewa iwe mali yake, au aitumie tu kwenye wimbo mmoja? Wote wawili wanakumbuka usiku ule, kila mtu na usiku wake. Wimbo ukibaki wa kuchezwa kijijini hakuna neno. Siku hoteli au tangazo la biashara likileta pesa, ndipo kumbukumbu zinapogongana. Na haki ya mtunzi hapa Kenya hudumu maisha yake na miaka 50 zaidi, kwa hiyo ugomvi huu hurithiwa na wajukuu.

Karatasi ya mgawo inamaliza maneno yote hayo, nayo ni ukurasa mmoja. Wimbo una mali mbili, utunzi wa maneno na melodia kwa upande mmoja, rekodi kwa upande wa pili. Kila mali ina safu yake. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazi aliyofanya kila mtu, asilimia yake, na kila safu ijumlishwe ifike 100. Sahihi ziwekwe kabla faili la mwisho halijatoka kwenye kompyuta, kwa maana likishatoka hakuna tena anayekuja kusaini. Wakati wa kuandika ndipo utakapogundua watu wangapi wanaamini wametunga: katika kurekodi kwa kirafiki, kila aliyekuwa chumbani na kusema “weka ‘eeh’ hapo” anajiona mtunzi. Afadhali aambiwe leo kwamba “eeh” yake ni asilimia sifuri, mkiwa bado mnacheka.

Kuna mtego mwingine ambao haya za kindugu huugeuza hasara ya pesa taslimu. Prodyusa anapeleka rekodi kwa msambazaji wake wa mtandaoni mwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua rekodi ikitumika kwenye video ya mtu mwingine, akiamini ni yake. Mwimbaji anaweka video kwenye chaneli yake ya YouTube, na mara dai linatua: pesa za matangazo zinaenda kwa prodyusa. Utaratibu wa YouTube ni kwamba ukipinga dai ndani ya siku 5, pesa hushikiliwa kuanzia siku dai lilipotua. Ukipinga baadaye, hushikiliwa kuanzia siku uliyopinga, na za nyuma zimekwisha kwenda. Aliyedai ana siku 30 za kujibu. Sasa mwimbaji anawaza: nikibonyeza kupinga, rafiki yangu ataona nimemshtaki. Anampigia, simu haishikwi. Wanakutana matangani, wanaulizana habari za nyumbani. Siku 5 zimepita, na wimbo mpya hupata watazamaji wake wengi katika siku hizo za kwanza. Kupinga dai si kumshtaki mtu. Ni sawa na kuweka pesa mezani katikati yenu mpaka mmalize kuzungumza, na ingefaa marafiki wawe wa kwanza kufanya hivyo.

Mchumba akiwa meneja, mambo huwa laini mpaka siku yanapokuwa magumu yote kwa pamoja. Chaneli ilifunguliwa kwa barua pepe yake, nambari ya kurejesha nywila ni ya simu yake, malipo ya matangazo yanaingia benki yake, tili ya Lipa na M-Pesa ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, na jina la tovuti la .co.ke limeandikishwa kwake. Hakuna aliyepanga wizi. Yeye ndiye aliyekuwa na simu nzuri wakati ule. Uchumba ukivunjika, msanii anabaki na sauti yake tu. Kwa chaneli zilizo kwenye akaunti ya chapa (Brand Account), ile inayoweza kuwa na wamiliki kadhaa, umiliki mkuu hauwezi kuhamishiwa mtu ambaye hajawa mmiliki kwa angalau siku 7, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa mkiwa bado mnapendana: msanii awe mmiliki mkuu, meneja apewe nafasi ya umeneja au uhariri, na nambari ya kurejesha iwe ya laini inayobaki studio. Vivyo hivyo kwa bendi. Ukurasa wa bendi usikae kwenye simu ya mpiga besi kwa sababu tu ndiye mwenye bando.

Kuna hili la kwetu hasa. Katika benga na ohangla, muziki wetu wa Kiluo, tuna pakruok: mtu anatoa pesa, muziki unashushwa, anajisifu au anasifiwa, unapandishwa tena. Ukumbini ni utamu mtupu na ni riziki halali. Hasara huanza sifa hizo zinapohamia kwenye rekodi, dakika mbili za wimbo wa dakika saba zikawa orodha ya marafiki waliochangia pesa za studio. Rekodi hiyo haiwezi kuuzwa kwa tangazo, mtangazaji wa redio anaikata katikati, na msikilizaji wa Kakamega au Busia asiyewajua waliotajwa anaruka. Ikiwa rafiki aliyetajwa ni mwanasiasa, nusu ya milango ya harusi na hafla imefungwa, na tukielekea uchaguzi wa Agosti 2027 majina hayo yataongezeka. Fundi anayejua kazi hurekodi majigambo kwenye njia yake pekee, mbali na sauti ya wimbo, kisha anatoa matoleo mawili: lenye majina kwa wenye majina, na safi kwa soko. Majina yanalipiwa kivyake. Anayedai kwamba rafiki wa kweli hatenganishi matoleo, basi alipie hilo moja gharama zote za wimbo.

Kuhusu “mtu wetu” aliye kaunti nitasema machache, kwa kuwa wote tunajua. Anapiga simu: kuna maonyesho wiki ijayo, leteni mabango, fulana, vipaza sauti, emsii, “fanyeni tu, LPO itafuata,” yaani hati rasmi ya kuagiza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inasema hakuna mkataba mpaka mkataba wa maandishi utiwe sahihi na pande zote mbili. Kwa hiyo kazi iliyofanywa kwa simu ya rafiki haina mguu wa kusimamia. Mtu wetu akihamishwa idara, au serikali ya kaunti ikibadilika na kamati ya kukagua madeni ikaundwa, fungu lako la karatasi ndilo la kwanza kutupwa kando, maana halina LPO, halina hati ya kupokelea bidhaa, halina chochote ila mazungumzo ya WhatsApp na mtu ambaye sasa hashiki simu. Na kama ni jamaa yako wa damu aliye kwenye meza ya kutoa zabuni, anapaswa kulitangaza jambo hilo na kukaa kando. Asipofanya hivyo, ni wewe utakayeulizwa maswali pamoja naye. Hapana, hapo jibu ni moja: bila LPO mkononi, usikate hata mita moja ya bango.

Mpwa anayelala studio na kuhariri video kwa chai na nauli naye ni hesabu ambayo haijafanywa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtazama mtu aliyefanya kazi ya kibarua mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kama mwenye mkataba wa kweli, awe mpwa asiwe mpwa. Lakini hasara kubwa ni ya kila siku: hakuna anayemwambia kwamba rangi za video yake zimeiva kupita kiasi, kwa sababu mamake ataambiwa kabla ya jioni. Mteja analiona kosa hilo, hasemi, na oda ya pili anaipeleka kwingine.

Pesa za kuanzia ni kisa kile kile. Mjomba anatoa shilingi 150,000 za kamera. Ni mkopo, ni hisa, au ni zawadi? Studio ikifa, zitaitwa mkopo. Ikinawiri, zitaitwa hisa. Mstari mmoja wa maandishi siku ile ya kwanza, wenye moja kati ya maneno hayo matatu na tarehe, ungetosha. Na mkiitana wabia bila kusajili kampuni, fahamuni kwamba deni la ubia humfuata kila mbia mpaka mfukoni mwake mwenyewe.

Wapo watakaosema mahakama zipo. Zipo kweli: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na imewekewa siku 60 kumaliza kesi, na huhitaji wakili. Kwa mgeni anayekudai au unayemdai, ni chombo kizuri mno. Lakini nani atampeleka shemeji kortini kwa shilingi 18,000 za vijitabu vya mazishi? Deni linakaa. Madai ya mkataba hufa yakifika miaka 6, na katika muda huo mwenye studio anaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, huku akiwa anadai nusu ya ukoo.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kwamba usifanye kazi na ndugu. Huku kwetu kamera ya kwanza, mteja wa kwanza na ukumbi wa kwanza hutoka kwa watu wako, ukiwakwepa hutaanza. Kinachofaa ni kuwapa punguzo linaloonekana. Ankara iandikwe bei kamili, kwa mfano shilingi 40,000. Chini yake punguzo la ndugu, 10,000. Chini yake kinacholipwa, 30,000, na nusu yake kabla ya kazi. Ukimwandikia 30,000 peke yake, kesho atamwambia jirani kwamba bei yako ni 30,000, na jirani ataomba punguzo kutoka hapo. Tena rafiki akiwa na hoteli au kampuni, ankara hiyo na ipite kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, kwa sababu tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi za rafiki huyo. Kumfanyia “kienyeji” ni kumtia hasara mtu unayedhani unamsaidia.

Kisha wekeni mfuko wa ndugu. Mwanzo wa kila miezi mitatu, chukua mauzo ya miezi mitatu iliyopita na utenge sehemu ndogo, tuseme asilimia 5. Mauzo yakiwa 300,000, mfuko ni 15,000. Kila punguzo, kila kazi ya bure ya kanisa, kila karatasi ya rambirambi inatolewa humo na kuandikwa. Ukikauka Novemba, ndugu wa Disemba anaambiwa mfuko utajaa Januari. Hujamkataa wewe, daftari ndilo lililokataa, na watu wetu hulikubali daftari la chama kila Jumapili bila kununa.

Kinachobaki ni karatasi ya kumpa kila anayeingia, awe jirani au mgeni. Nusu ukurasa inatosha, na ichapwe mapema ikae kaunta ili asionekane mtu fulani ameandikiwa yeye: jina la anayeagiza na la atakayekagua; kazi ni nini na nakala ngapi; bei kamili, punguzo, kilicholipwa na kilichobaki; awamu mbili za marekebisho na bei ya ya tatu; tarehe na saa ya mwisho ya masahihisho; hakimiliki itabaki kwa nani; picha na sauti ghafi hufutwa siku 90 baada ya kukabidhi. Sahihi mbili, nambari ya tili chini.

Mtunza hesabu za studio,
Kondele, Kisumu.